Kidole cha Bakoly

Bakoly Razanamparany alicheza tenisi ya kulipwa kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuingia kwenye orodha ya wachezaji mia mbili bora wa dunia. Alifika nafasi ya mia mbili na kumi na nne, akakaa hapo wiki tatu, akashuka. Leo ana miaka sitini na magoti yanayolia kama mlango wa ghala. Ukimwuliza habari za wiki zile tatu atakwambia kwamba alizimaliza akizunguka mji wake wa Antsirabe kwa miguu, mtaa kwa mtaa, ili asiwepo mtu aliyekosa nafasi ya kumpongeza.

Mama yake, Ravao, alikuwa mtunza viwanja wa klabu iliyo chini ya mabafu ya maji moto, na kabla ya Ravao kazi hiyo ilikuwa ya babu. Babu ndiye aliyetengeneza uwanja mkuu. Alikusanya matofali yaliyovunjika kwenye tanuru za mabondeni, akayatwanga kwenye kinu cha mpunga mpaka yakawa unga mwekundu, akauchekecha, akaumwaga, akaushindilia kwa pipa lililojaa mawe. Ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo wake. Aliiachia klabu kwa sharti kwamba kaburi la ukoo, lile jengo la mawe lililopakwa chokaa upande wa mashariki, lisiguswe. Halikuguswa. Uzio ulipita hatua nne kutoka ukutani mwake, na babu alipokufa akaingizwa humo pamoja na wenzake.

Kwa sababu hiyo uwanja ule una adabu zake. Mtu mwenye malezi hanyooshei kaburi kidole. Anakikunja, anaonyesha kwa fundo, kama anayebisha hodi. Kocha akitaka upige kona ya mashariki, anakuonyesha kwa fundo. Mwamuzi anayekaa mwisho wa mstari wa mashariki, mpira ukitoka nje, hanyooshi mkono pembeni kama waamuzi wa kwingineko. Hukunja ngumi na kuinua kiwiko kidogo. Wanaokulia pale hudhani ndivyo tenisi ilivyo.

Bakoly alipewa ufagio kabla ya raketi. "Ukifagia mstari mzima bila kuuharibu," Ravao alimwambia alipokuwa na miaka sita, "nitakupa dakika kumi za kupiga ukutani." Alifagia. Kila mpira unaoanguka kwenye vumbi la matofali huacha alama yake, na mtoto yule alifuta maelfu ya alama kila jioni. Akajua kuzisoma kabla hajajua kupiga mpira. Hii ya mviringo ni ya daktari wa meno, anapiga bila kuzungusha. Hii ndefu yenye mkia ni ya yule Mfaransa wa kiwanda cha bia. Alipofika miaka kumi na saba hapakuwa na mwanamke kisiwani wa kumshinda, na Ravao akamshonea mfuko wa raketi kwa gunia la mchele.

Alicheza Abidjan, Lagos, Harare. Alicheza Nairobi, akajifunza neno "pole", akarudi akisema hajawahi kukutana na neno dogo linalofanya kazi nyingi kiasi hicho. Alicheza katika vimji vya Uturuki ambavyo hata Waturuki waliviulizia njia. Kila mahali alibeba sufuria ndogo na kilo mbili za mchele, kwa maana siku isiyo na wali, kwake, mtu anakuwa ameonja tu, hajala. Katika hoteli moja ya Polandi mvuke wa sufuria ile uliamsha kengele ya moto, na wachezaji wanane wakashuka ngazi na nguo zao za kulalia, akiwemo msichana aliyepangiwa kucheza naye asubuhi. Walikula wali wote pamoja, kwa vidole, barazani. Asubuhi yule msichana alimpiga sita kwa moja, sita kwa mbili. "Nilimshibisha mwenyewe," Bakoly husema.

Lakini kitu alichokitaka kilikuwa Paris. Mtu aliyekulia kwenye vumbi jekundu anajua kwamba vumbi jekundu kubwa kuliko yote liko huko. Mara tatu aliomba kuingia kwenye mchujo, na mara tatu orodha ilikatwa juu ya jina lake. Mara ya tatu ilikatwa majina mawili tu juu yake. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa na goti la kulia lililojaa maji kila Jumatatu.

Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 1994, mashindano yakaletwa Antsirabe, kwenye uwanja wa babu. Mshindi angepewa nafasi moja katika mchujo wa Paris.

"Nikishindwa hapa," Bakoly alimwambia mama yake, "Jumatatu nakuja kuchukua ufagio."

"Ufagio hauna haraka," alisema Ravao. "Kacheze."

Akashinda mechi nne. Jumapili, saa nane mchana, akaingia kwenye fainali dhidi ya Katalin Bereczki, Mhungaria wa miaka kumi na tisa, msichana mrefu aliyepiga mpira kama mtu anayefunga mlango kwa hasira.

Watu walifika elfu mbili kwenye uwanja wenye viti mia tatu. Wavuta posiposi waliegesha vigari vyao vya magurudumu mawili kando ya uzio, mikono ya kuvutia ikiangalia juu, wakasimama juu ya viti. Mkubwa wao kwa sauti alikuwa Dolfa, aliyempeleka Ravao kanisani kila Jumapili.

"Dada Bakoly," alipaza sauti wachezaji walipokuwa wakijinyoosha, "goti likikataa niite tu, nitakubeba mpaka kwenye neti."

"Umbebe wewe?" mwenzake akadakia. "Juzi ulimwangusha mchungaji."

"Mchungaji alikuwa na uzito wa dhambi za watu. Bakoly ana zake tu."

Bakoly alicheka, na akacheka vibaya, kwa maana pointi ya kwanza aliipiga kwenye neti. Seti ya kwanza ikaenda kwa Katalin, sita kwa tatu. Ya pili Bakoly akaanza kumchezea mipira ya chini na ya polepole, ile inayomlazimisha mtu mrefu kuinama, akaichukua sita kwa nne. Ya tatu ilikwenda bega kwa bega, na kila mpira ulioanguka wavuta posiposi waliinama pamoja, na vigari vyao vikaguna.

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwamuzi mkuu wa wiki nzima alikuwa mtu wa Réunion, jirani, aliyeijua ngumi ya mstari wa mashariki tangu Jumatatu. Asubuhi ya fainali tumbo lilimlaza. Akapandishwa kitini Mbelgiji, Bwana Claes, aliyefika kutoka Antananarivo saa tatu kabla ya mechi, mtu mpole, mnyoofu, mwenye miwani. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu ngumi. Ungemwambia vipi mgeni jambo ambalo hujui kwamba ni jambo? Na kwa bahati, kwa seti mbili na nusu, kila mpira uliotoka nje mashariki ulitoka kwa hatua nzima, hata kipofu angeuona.

Bakoly aliongoza tano kwa nne, zamu ya kuanzisha mpira ikiwa yake, arobaini kwa thelathini. Pointi moja, kisha Paris.

Alianzisha katikati. Katalin akarudisha. Walipigana mipira kumi na tisa, watu walihesabu kwa sauti ya chini, na wa ishirini Katalin aliupiga kwa nguvu zake zote kwenye ubavu wa mashariki, upande wa Bakoly. Bakoly aliuacha. Aliuona ukianguka upana wa vidole viwili nje ya chokaa ya mstari. Mzee Ralaivao, aliyekaa mwisho wa mstari, alisema "nje" na kukunja ngumi, lakini sauti yake ilimezwa, maana watu elfu mbili walikuwa wameshanyanyuka. Kofia ziliruka. Dolfa alikumbatia gurudumu.

"Kimya, tafadhali," alisema Bwana Claes. "Mpira ulikuwa ndani. Arobaini sawa."

Ilichukua muda watu kuelewa. Bakoly alikwenda mpaka chini ya kiti kirefu, akamwomba aje atazame alama. Bwana Claes akashuka.

"Mwamuzi wa mstari, umeonaje?"

"Nje, bwana," alisema Mzee Ralaivao. "Nimesema nje."

"Sikuona mkono wako."

Mzee akauinua tena, ngumi na kiwiko. "Mkono ndio huu."

"Huo si mkono wa nje."

"Kwa hapa ndio wenyewe."

Bwana Claes aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama ufunguo usio wa mlango wake. "Basi nionyeshe alama."

Pale chini palikuwa na alama mbili, jirani kabisa, kiganja kimoja kati yake. Moja ilikuwa imelamba chokaa. Hiyo ilikuwa ya gemu iliyopita. Nyingine ilikuwa nje. Mzee Ralaivao alisimama ndani ya uwanja, kaburi likiwa mbele yake nyuma ya uzio, akaonyesha kwa fundo. Fundo la kidole halina ncha. Linaonyesha mtaa, halionyeshi nyumba. Bwana Claes akainamia ile yenye chokaa.

"Imegusa mstari."

"Si hiyo, bwana. Ni jirani yake."

"Nimeuona mpira ulipoanguka. Ni hii."

"Hiyo ni ya zamani," alisema Bakoly. "Tazama, imekauka. Na mkia wake unatazama kusini."

"Bibie, tafadhali."

"Hii hapa," alisema Bakoly. Alihamisha raketi mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, wote, mpaka ncha ya kidole.

Kelele zote zilikatika kwa pamoja. Hata Bwana Claes alizinduka, akatazama nyuma yake, asione kitu. Bakoly alikiona kidole chake. Mbele ya kidole aliiona alama, nyuma ya alama uzio, na nyuma ya uzio, moja kwa moja bila kupinda, mawe meupe ya kaburi. Alikuwa amemnyooshea babu yake kidole mbele ya mji mzima. Dolfa alishuka kwenye kigari chake taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Alama ni hii," Bwana Claes alirudia. "Arobaini sawa. Tuendelee."

Huwezi kuendelea na kidole kama kile. Bakoly husema kilikuwa baridi, na kilikaa kwenye mpini wa raketi kama kidole cha mtu mwingine aliyemwomba lifti. Alianzisha nje mara mbili. Pointi iliyofuata aliipeleka kwenye neti. Tano sawa. Katalin akaanzisha, na gemu yake ikapita bila Bakoly kugusa mpira wa maana. Sita kwa tano, kwa Katalin. Wakabadilisha pande, na wakati wa kubadilisha mchezaji ana sekunde tisini za kukaa.

Ravao alikuwa amekaa chini kando ya uzio na mafagio yake. Aliinuka, akaja mpaka nyuma ya kiti cha binti yake.

"Kidole kipi?"

"Hiki."

"Cha kulia?"

"Cha kulia, Mama."

"Na umemnyooshea baba yangu."

"Nilikuwa naonyesha alama."

"Alama ilikuwa nje, niliiona. Lakini baba alitengeneza uwanja tu, hakuwahi kucheza. Yeye atajuaje ulichokuwa unaonyesha?" Alimtazama binti yake usoni. "Usishike raketi mpaka nimalize kuzungumza naye."

"Mama, nina dakika moja."

"Basi nitakwenda haraka."

Aligeukia umati. "Nani ana ramu?"

Hapakuwa na aliyekuwa na ramu. Pombe ilikatazwa viwanjani, tangazo lilikuwa getini kwa herufi nyekundu.

"Siulizi kwa niaba ya klabu," alisema Ravao. "Nauliza kwa niaba ya baba."

Chupa kumi na moja zikatokea. Nyingi zilitoka chini ya viti vya posiposi. Moja ilitoka ndani ya koti la katibu wa klabu, aliyeandika lile tangazo.

Akazunguka uzio mpaka kaburini, na wazee wakamfuata, maana maneno kama hayo husemwa na wazee wa kiume, na kwa utaratibu. Mzee Ralaivao aliacha kiti chake cha mstari bila kumuaga mtu. Mzee Rabenja, aliyekuwa mfamasia na sasa alikuwa msemaji wa harusi zote za mji, alijitanda shuka lake vizuri begani.

"Sema wewe, kaka mkubwa," alisema Mzee Rabenja.

"Mimi? Mbele yako?" alisema Mzee Ralaivao. "Wewe umenitangulia kuzaliwa."

"Kwa miezi miwili."

"Miezi miwili ni miezi miwili."

"Lakini wewe ulikuwa rafiki wa marehemu."

"Na wewe ulimuuzia dawa. Alikuheshimu zaidi."

"Muda," alisema Bwana Claes kutoka kitini.

Katalin alikuwa ameshafika kwenye mstari wake, upande wa pili, akicheza na nyuzi za raketi. Bakoly alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, raketi imelala chini miguuni pake.

Mzee Rabenja alikubali hatimaye. Alivua kofia, akakohoa, akaanza kama zinavyoanza hotuba zote za heshima, kwa kuomba radhi ya kuthubutu kufungua kinywa. "Si mimi ninayestahili kusimama hapa. Wapo walionizidi umri, wapo walionizidi akili, wapo waliokaa kimya kwa kuwa ukimya wao una thamani kuliko maneno yangu. Mimi ni kama kuku aliyeingia kanisani..."

Katika harusi sehemu hiyo huchukua nusu saa, na watu huifurahia.

"Bibi Razanamparany, onyo la kuchelewesha mchezo."

"Bwana mwamuzi, subiri kidogo," Dolfa alimwambia kwa Kimalagasi. "Wazee wanaongea."

Ravao alinyoosha mkono akachukua kikombe cha ramu kutoka kwa Mzee Rabenja. "Nisamehe, kaka. Mtoto ana gemu."

Hakuna mwanamke aliyewahi kumkatiza Mzee Rabenja katika hotuba. Alibaki na mdomo wazi na kofia kifuani.

"Baba," alisema Ravao, karibu na kona ya kaskazini-mashariki, kwa sauti ile ile aliyotumia kuita watu waondoke uwanjani mvua ikija, kwa hiyo wote tuliisikia. "Ni mimi, Ravao. Mjukuu wako amekunyooshea kidole. Hakukusudia. Alikuwa anaonyesha mpira uliotoka nje, na ungeuona ungekasirika mwenyewe. Mwaka juzi tulipokutoa kaburini, kama desturi, tukakuvika sanda mpya ya hariri, yeye ndiye aliyekubeba begani, na goti lake likiwa limevimba. Sasa ana mechi. Akishinda anakwenda Paris, akishindwa anakuja kufagia, na mimi sitaki msaidizi. Kunywa hii. Umrudishie mkono wake."

"Adhabu ya pointi," alisema Bwana Claes. "Sifuri kwa kumi na tano."

Miluzi ilipasua hewa. Bakoly hakuinuka. Pointi nyingine tatu na Paris ilikuwa imekwisha, na huyu mwamuzi angeweza kumpokonya zote tatu bila Katalin kupiga mpira. Ravao alimwaga ramu yote isipokuwa tone, akageuka, akaanza kurudi. Hakukimbia. Mtu hakimbii akitoka kaburini. Alitembea kando ya uzio kwa mwendo wa kwenda sokoni, na watu elfu mbili walimsukuma kwa macho.

"Mama Ravao," alisema Dolfa, karibu analia, "nikubebe?"

"Nyamaza, Dolfa."

Alifika. Akapitisha vidole kwenye tundu la uzio, akakishika kile kidole, akakipaka tone lililobaki.

"Haya. Amekunywa. Kacheze."

Bwana Claes alikuwa ameshavuta pumzi ya kutamka adhabu ya pili, Bakoly akaokota raketi na kufika kwenye mstari kwa hatua tano ambazo goti lake halikuzitarajia. Mzee Ralaivao akarudi kitini mwake akihema.

Mpira wa kwanza alioanzisha Bakoly, Katalin hakuugusa. Wa pili aliugusa kwa fremu, ukaenda kwa wavuta posiposi, na waliurudisha kwa kuchelewa makusudi. Bakoly alikuwa ameacha kufikiri. Alipiga kwa mkono wa mbele, kwa mkono wa nyuma, alipiga ukiwa umepanda na ukiwa karibu kugusa ardhi, na gemu ikaisha kabla watu hawajakaa. Sita sawa. Sasa ingeamuliwa kwa pointi saba, au zaidi kama wangefungana.

Katalin naye hakuwa mtu wa kuogopa ramu. Akaongoza mbili kwa sifuri, Bakoly akasawazisha. Kwenye tatu kwa mbili, Bakoly mbele, mpira wa Katalin ulianguka kandokando ya mstari wa mashariki, na Mzee Ralaivao akainua ngumi. Bwana Claes aliitazama ile ngumi. Akalitazama kaburi, lenye doa bichi la ramu kwenye kona. Akaitazama ngumi tena, na ungemwona mtu yule akielewa, taratibu, kuanzia kwenye nyusi.

"Nje," alisema.

Hakuna pointi iliyoshangiliwa mji ule kama hiyo. Mzee Rabenja alirusha kofia na hakuiona tena.

Nne kwa mbili. Nne sawa. Tano kwa sita, Katalin akiwa na nafasi ya kumaliza. Bakoly akampelekea mpira wa juu sana, wa kizembe, wa kuudhi. Katalin akausubiri mpaka akachoka kuusubiri, akaupiga kwenye neti. Sita sawa. Saba kwa sita, Bakoly, baada ya mpira uliolamba neti na kuanguka upande wa pili kama mtu aliyesukumwa kitandani. Dolfa alikuwa ameziba macho, akimrushia maswali jirani yake: "Nini sasa? Nini sasa?"

"Fungua macho uone mwenyewe."

"Siwezi. Niambie."

Katalin alipiga kona, akapiga kona nyingine. Bakoly aliteleza kwenye vumbi kwa goti baya, mstari mwekundu mrefu ukabaki nyuma yake, na badala ya kupiga aliugusa tu mpira, ukavuka neti na kufa. Karibu ufe. Katalin alikuja kwa hatua ndefu, akaufikia chini kabisa, akauinua. Bakoly alikuwa ameshafika mbele. Uwanja wote nyuma ya Katalin ulikuwa mtupu, na mtu angeweza kuweka mpira popote. Aliuweka katikati, polepole, kama anayeweka chungu mezani.

Uzio wa magharibi uliangushwa na watu. Katalin alimkumbatia akamwuliza kwa Kiingereza chao kibovu wote wawili mama yake alisema nini kule. "Aliniombea samahani," Bakoly akajibu. Katalin akafikiri, akamwambia kwamba mama yake yeye asingefanya hivyo hata kwa chupa kumi.

Bwana Claes alimfuata Ravao mwenyewe, kofia mkononi, akamwomba amfundishe ile ngumi. Ravao alimsahihisha kiwiko.

Mwezi wa Mei Bakoly akapanda ndege. Siku ya nne, saa kumi jioni, Ravao aliitwa posta kupokea simu kutoka Paris, na kwa kuwa karani wa posta alikuwa mtu wa kusema, nyuma ya Ravao walikuja wavuta posiposi wote na nusu ya soko. Dolfa alisimama kwenye mlango wa kibanda cha simu ili atangaze nje.

"Umecheza?" aliuliza Ravao.

"Nimecheza mara mbili, Mama."

"Amecheza mara mbili," alinguruma Dolfa, na barabara ikajibu.

"Ya kwanza?"

"Nimeshinda. Seti mbili."

Dolfa hakuhitaji kutangaza. Alirusha mikono tu. Wanawake walianza kupiga makofi ya mdundo. Ravao alingoja, akaziba sikio moja, akainamia simu.

"Na ya pili?"

Sauti ilichukua muda kufika. "Nimepigwa, Mama. Saa mbili na dakika arobaini. Nilikuwa naongoza tano kwa tatu, seti ya mwisho. Lakini ungeona, Mama. Ungeona jinsi nilivyocheza."

"Nini?" alisema Dolfa. "Ya pili vipi?"

Ravao alimtazama, akatazama barabara yote nyuma yake. Kisha akamwekea simu sikioni.

"Ni ndefu," alisema. "Akusimulie mwenyewe, pointi kwa pointi. Bakoly, anza mwanzo."

Bakoly alianza mwanzo. Dolfa alirudia kila mpira kwa sauti yake yote, kwa mikono, kwa miguu, akiwa Bakoly na akiwa yule mwingine, na watu walipanda kwenye kuta za posta ili wamwone. Seti ya kwanza walishindwa na wakamtukana mwamuzi wasiyemjua. Ya pili walishinda. Ya tatu ilipofika mbili kwa mbili hakuna aliyekuwa akiuza kitu sokoni. Nne kwa tatu. Tano kwa tatu, Bakoly mbele, na kelele zikawa kubwa hata Dolfa akaziba sikio lake la pili kwa kiganja, akasikiliza, akaitikisa simu, akasikiliza tena.

"Laini imekatika," alisema.

Ravao akaichukua simu, akairudisha mahali pake.

"Ikawaje, Mama Ravao?"

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Anaongoza."